Pipa la Tatu

Alhamisi jioni mama mkwe alinipigia simu kutoka Chawia, akasema Jumapili baada ya ibada angeteremka Voi kumchukua Shanice. Si kumtembelea. Kumchukua, akakae naye huko juu, amalizie mwaka katika shule iliyo chini ya kanisa lao, na mwalimu mkuu alikuwa ameshakubali. Nilikuwa nimeshika mwiko, ugali uko jikoni. Nikasema, "Sawa, mama." Nadhani alingoja niseme kitu kingine. Nikamwambia ugali unaungua.

Tangu Juni nilikuwa nasema sawa kwa kila mtu. Mume wangu Fanuel alianguka kazini Jumanne moja saa nne asubuhi, ni moyo, na kabla ya saa sita daktari alikuwa ameniita kando akaniambia, nami nikamjibu sawa. Mchungaji naye, sawa. Shemeji zangu waliopanga mazishi, sawa. Siku ya kuzika, wanawake wa Chawia walinizunguka wakingoja nilie ili wanishike. Walikuwa tayari kabisa na leso zao mabegani, na mimi nikawa nafikiria kama sufuria za kukodi zimerudishwa zote. Hawakunisamehe. Nasikia mpaka leo wanasema mke wa Fanuel ana moyo mgumu. Haukuwa mgumu. Ulikuwa umekufa ganzi tu, kama mguu ulioukalia vibaya: unaugusa, unajua ni wako, lakini haukuambii kitu.

Na nilitaka mtoto wangu abaki. Nalisema hapa wazi kwa sababu siku zile kinywa kilinishinda. Shanice ana miaka kumi na ndiye pekee niliye naye. Nilipojaribu kuiona nyumba bila yeye sikupata uchungu wowote; niliona tu kwamba hakungekuwa na sababu ya kuwasha jiko. Nilijua ninamtaka, vile mtu anavyojua jina lake mwenyewe. Kulitamka hilo ndiko kulikonishinda.

Kwa hiyo nikaamua kufanya usafi. Ndiyo, cheka ukitaka. Nilijiambia kwamba mama mkwe akiikuta nyumba inang'aa atajua mtoto anatunzwa, atakunywa chai yake na kurudi milimani akiwa ametulia. Yeye, Mama Tryphena, ni mtu anayepitisha kidole juu ya mlango kabla hajakaa. Mwaka nilioolewa alifunua kitanda changu mbele ya wageni kuona kama shuka ya chini ni safi kama ya juu. Mtu wa namna hiyo, nilifikiri, humshindi kwa maneno. Unamshinda kwa sabuni.

Mtaani kwetu maji huja Jumamosi, yakipenda. Wiki nyingine huja saa tisa ukiwa umeshakata tamaa, na wiki nyingine hayaji kabisa. Jumamosi ile Shanice alitoka saa mbili kwenda mazoezi ya kwaya. Nilikuwa ndiyo nimeshusha mapazia wakati jirani yangu Mwanarusi alipopaza sauti juu ya ukuta.

"Mama Shanice! Waskia? Maji yashakuja! Toa mpira upesi, leo yana nguvu!"

"Nimesikia, Bi Mwanarusi."

"Jaza na ndoo, usiwache hata kikombe! Wiki jana yalinichezea yale."

Mtu asiyeishi Voi hawezi kujua Jumamosi ya maji ni nini. Unafua kila kitu kinachofulika. Unafua nguo chafu, kisha nguo safi kwa sababu hujui wiki ijayo itakuwaje, kisha unatazama huku na huku kama kuna kitu kimejificha. Oktoba ndiyo mbaya zaidi, kabla vuli haijanyesha, maana upepo unaleta vumbi jekundu mpaka ndani ya sukari. Nilifua blanketi, mapazia, sare za shule, vitambaa vya viti, zulia la mlangoni. Kamba mbili zikajaa, nikafunga ya tatu kutoka dirishani mpaka kwenye mti wa mwarobaini.

Nyuma ya nyumba tuna mapipa matatu. La kwanza ni la kupikia na kunywa, la pili ni la kufulia na kuoga, na la tatu ni la akiba. Mpango huu ulikuwa wa Fanuel. Alikuwa mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na tabia za stoo alikuja nazo mpaka nyumbani. Kila kitu alikiandika tarehe. Mkate, debe la unga, mtungi wa gesi. Krismasi moja aliniandika mimi mgongoni kwa chaki, tarehe ya harusi yetu, nikaenda hivyo mpaka dukani na watu wakanicheka. Kwa mapipa alikuwa na sheria yake: kilichoingia mapema kitoke mapema. Kila Jumamosi maji ya akiba ya wiki iliyopita yanapigia deki, pipa linasuguliwa, linajazwa mapya, na yeye anaandika tarehe ubavuni kwa herufi kubwa za stoo.

Pipa la tatu lilikuwa bado limeandikwa JMOSI 7/6. Alilijaza Jumamosi, akafa Jumanne.

Miezi minne nilizungusha mapipa mawili tu. Usidhani nilikuwa nalitunza la tatu. Sikuwa nalitunza, nilikuwa sioni haja ya kuligusa, kama vile sikuona haja ya kugusa vitu vingi. Lilikaa pale ukutani na kifuniko chake, na juu ya kifuniko kitambaa kilichofungwa kwa kamba ili mbu wasiingie. Lakini asubuhi ile nililitazama kwa macho ya mama mkwe. Niliona pipa lenye vumbi, lenye maji ya Juni, ndani ya nyumba anamoishi mtoto. Nikaona kidole chake kikipita juu ya kifuniko. Nikaona akisema, kwa upole, kwa sababu ni mtu anayesema mambo makali kwa upole, "Mama Shanice, hata maji?"

Nikafungua kamba. Fundo lilikuwa dogo, la kuzungushwa mara mbili, si fundo la Fanuel na si langu. Nililiona hilo. Sikujiuliza.

Maji yalikuwa safi kuliko nilivyotarajia, yakinuka plastiki kidogo, na yalikuwa yamepungua karibu kiganja kimoja kutoka juu. Nikayachota kwa ndoo. Nilipiga deki sebuleni mara mbili, chumbani, jikoni, na barazani mpaka sakafu ikarudi rangi yake. Niliosha madirisha. Niliosha milango, na juu ya milango hasa. Yaliyobaki nikamwagia sukuma wiki pale kando ya ukuta. Kisha nikalilaza pipa, nikaingiza mkono mpaka begani, nikalisugua kwa mchanga na sabuni ndani na nje. Ile tarehe ya chaki ilitoka kwa kupangusa mara moja tu. Nilingoja kuona kama nitahisi kitu. Nilisimama pale na dodoki mkononi, kwa kweli nikangoja, kama unavyongoja kupiga chafya. Hakikuja. Nikalisimamisha pipa na kuingiza mpira.

Shanice alirudi saa saba na nusu, viatu vyekundu kwa vumbi, akiimba sauti ya pili ya wimbo wa kwaya chini kwa chini. Alipita nyuma ya nyumba kunawa miguu. Wimbo ukakatika.

"Mama."

"Nini? Usikanyage barazani, bado pana maji."

Akaja mpaka mlango wa jikoni. "Maji ya baba, yako wapi?"

"Maji gani?"

"Ya baba. Kwa pipa la nyuma."

Nilikuwa nachambua maharagwe. Nikasema ukweli, kwa sababu sikuona kwa nini niseme uongo. "Nimepigia deki."

Alinitazama. Ana macho ya babake, yale yanayokagua kitu kama yanatafuta mahali pa kuandika tarehe. "Yote?"

"Mengine nimemwagia sukuma. Yalikuwa ya zamani, Shanice. Nyanya yako anakuja."

"Nilikuwa nanawa nayo," akasema. "Asubuhi. Kikombe kimoja tu, uso. Nilikuwa nafunga tena vizuri."

Nilielewa. Nataka ijulikane kwamba nilielewa pale pale, si baadaye. Nilielewa fundo, nilielewa kiganja kile cha maji kilichopungua, na nilielewa kwamba kwa miezi minne mtoto wangu alikuwa anaamka kabla yangu, anakwenda nyuma ya nyumba, ananawa uso kwa maji aliyoyateka babake kwa mikono yake. Na mimi nilikuwa nimeyapitisha juu ya milango. Akili yangu ilielewa yote hayo vizuri sana. Mikono yangu ikaendelea kutoa mawe kwenye maharagwe.

Nilingoja alie. Angelia ningejua la kufanya, au nilidhani ningejua. Lakini alikaza mdomo, akaitikia kwa kichwa polepole.

"Sawa," akasema.

Lilikuwa neno langu. Alilisema kwa sauti yangu kabisa, tambarare, bila kitu ndani. Kisha akauliza kama kuna nguo za kupiga pasi.

Mchana wote tulifanya kazi kama watu walioajiriwa nyumba moja. Alipiga pasi, mimi nikakunja. Alifagia uwanja, mimi nikatoa majani ya mwarobaini kwenye mfereji. Bi Mwanarusi alitupitishia mahamri kwenye sahani iliyofunikwa, akachungulia, akasema, "Masha'Allah, mwangoja harusi?" Hakuna aliyecheka, akaenda zake. Jioni Shanice alichukua begi lake la shule, akatoa vitabu, akaanza kuweka nguo. Aliweka kwa mpango, za chini nzito, za juu nyepesi. Nilisimama mlangoni nikimtazama. Nilikuwa na sentensi moja ya kusema na ilikuwa fupi. Nikamwambia asisahau mswaki.

Jumapili hatukwenda kanisani. Nilisema nina kupika, na nilikuwa na kupika kweli. Niliamua kupika kimanga, mihogo na maharagwe vilivyopondwa pamoja, kwa sababu ndicho chakula anachokula mama mkwe bila kuuliza kimepikwaje. Nilikiponda mpaka bega likaniuma. Shanice alipanga sahani tatu mezani, akaketi kwenye kochi, begi likiwa kando ya miguu yake.

Mama Tryphena alifika saa saba, na kikapu cha ndizi, maparachichi na mboga za kunde, na mwavuli ambao hapa Voi haukuwa na kazi. Shanice alimkimbilia. Mimi nilimpokea kikapu.

"Hamjambo hapa."

"Hatujambo, mama. Karibu. Pole na safari."

"Nimeshapoa."

Akavua viatu na kuingia. Nilimfuata kwa macho. Alitazama sakafu, mapazia, vitambaa vya viti. Alipita mlango wa chumbani, na mkono wake ukainuka wenyewe, kidole kikapita juu ya fremu. Akakitazama kidole. Kilikuwa safi. Nilikuwa nimeungoja ushindi huo tangu mwaka nilioolewa, na ulipokuja haukuwa na ladha yoyote.

Tulikula. Alisifu kimanga, akaongeza mara ya pili. Alimuuliza Shanice kuhusu kwaya, akamjibu. Baada ya kula alimwambia mtoto akampelekee Bi Mwanarusi maparachichi, na mtoto alipotoka, akaweka mikono yake miwili juu ya meza.

"Nyumba ni safi," akasema.

"Asante, mama."

"Si sifa hiyo. Ni safi kama nyumba ya kupangisha. Wewe unadhani mimi nimekuja kukagua vumbi?"

Nikaanza kukusanya sahani.

"Wakesho." Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina langu, siku zote ni Mama Shanice. "Unadhani ni mimi nimeamua haya?"

"Sijui, mama. Ulipiga simu, nikasema sawa."

"Mtoto ndiye alinipigia. Jumatano, na simu ya huyu jirani. Aliniambia, nyanya, nikuje nikae na wewe. Nikamuuliza, mama yako anakupiga? Akasema hapana. Anakunyima chakula? Hapana. Nikamuuliza, sasa ni nini? Akasema, hapa hatulii. Mama halii, na mimi nikianza kulia ananiambia nikaoshe vyombo."

Nilitaka kukataa. Nikatafuta siku moja ya kukanushia, nikapata siku nyingine tu: jioni ya Julai, Shanice na kaptura ya Fanuel mapajani, mabega yakitetemeka, na mimi nasema, vyombo viko kwa karai. Halafu jioni nyingine. Halafu asubuhi moja kabla ya shule. Sikumfokea hata mara moja. Nilimtuma tu, kwa sauti nzuri, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimejituma hivyo tangu Juni na nilikuwa bado nasimama.

"Ni kweli," nikasema.

"Najua ni kweli. Mimi nimemzika mtoto, Wakesho. Kila siku nikienda kukata nyasi ya ng'ombe napita pale kwa kaburi, napiga kelele mpaka majirani wananisikia, kisha nakata nyasi. Sikulaumu. Kila mtu na vile ameumbwa. Lakini huyu ni mdogo." Akavuta pumzi. "Sitaki kumtoa kwako kwa nguvu. Niambie neno moja. Niambie unataka abaki, na nitapanda peke yangu saa hii. Lakini ulitoe kwa mdomo wako, na yeye alisikie."

Shanice alikuwa amerudi. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono mitupu, na alikuwa amesikia ya mwisho. Wote wawili walinitazama. Nilifungua kinywa. Nilikuwa nalo neno lenyewe, lipo, nalijua, na lilifika kooni likasimama pale pale yaliposimama yote tangu Juni. Niliona Shanice anaanza kutazama begi.

"Sweta yake," nikasema.

"Sweta imefanya nini?" akauliza mama mkwe.

"Sweta ya shule. Nilifua jana. Bado ni mbichi." Sauti ilikuwa inatoka kama ya mtu mwingine. "Chawia kuna baridi. Hawezi kwenda bila sweta. Anayo hiyo moja tu."

Mama Tryphena aligeuka polepole akatazama nje, mahali ambapo jua la Voi lilikuwa linapiga uwanja mpaka ukitazama macho yanauma. "Tangu jana?" akasema. "Hapa? Oktoba? Ungeniambia ni Chawia ningekubali, kwetu na ule ukungu hata soksi huchukua siku tatu. Hapa Voi, Wakesho, ukianika taulo, ukifika mwisho wa kamba mwanzo umekauka."

Nilijua. Kila mtu alijua. Sikuwa na uongo mwingine.

"Ni mbichi," nikasema tena, nikaishika meza kwa mikono miwili.

Shanice alitoka nje. Tulimsikia akitembea juu ya changarawe. Kupitia mlangoni nilimwona akifika kwenye kamba, sweta ya buluu ikining'inia hapo peke yake, kwa sababu nguo nyingine zote nilikuwa nimezianua jana yake na hiyo nilikuwa nimeisahau. Akaishika mkono. Ilikuwa imekauka mpaka imekakamaa. Akaiweka shavuni, akasimama hivyo, akanitazama kutoka kule kwenye jua. Alinitazama muda mrefu. Sijui aliona nini. Sikuwa nimefuta uso wangu, na ndipo nikajua kwamba ulikuwa umelowa.

"Bado mbichi, nyanya," akasema.

Mama mkwe akainuka, akatoka mpaka barazani, akanyoosha mkono. "Leta nione."

Shanice akaificha sweta mgongoni. "Ni mbichi kabisa."

"Hata mikono?"

"Mikono ndiyo mibichi zaidi."

Mama Tryphena alimtazama mtoto, akageuka akanitazama mimi. Kisha akachukua mwavuli wake uliokuwa umeegemea ukuta, akatafuta kiatu kimoja kwa mguu, na cha pili.

"Basi itabidi nirudi Jumapili ijayo," akasema, "nione kama imekauka."

Tulimsindikiza mpaka barabarani, tukarudi. Shanice aliibana sweta kambani tena, vibanio vinne, akaiacha. Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi ya nyuma. Akaja akaketi karibu yangu, akanilalia bega, akaanza kulia, kwa sauti, mpaka Bi Mwanarusi akachungulia juu ya ukuta na kujirudisha haraka. Vyombo vya mchana vilikuwa kwenye karai, vimejaa inzi. Sikumtuma popote.